Jio na kifo cha biashara ya dakika: kisa cha India tangu 2016

Tarehe 1 Septemba 2016 tajiri wa India Mukesh Ambani alisimama mbele ya wanahisa wa Reliance Industries, kampuni yake kubwa ya mafuta, akatangaza kwamba kwenye mtandao wake mpya wa Jio kupiga simu ni bure, na sio bure ya wiki mbili au ya saa za usiku tu, bure kabisa nchi nzima, mteja analipia data basi. Siku nne baadaye mtandao ukafunguliwa kwa watu wote, na mpaka mwisho wa mwaka, halafu ikaongezwa mpaka Machi 2017, hata hiyo data yenyewe ilikuwa hailipiwi. Hisa za Airtel na Idea, kampuni za simu zilizokuwepo tayari, zilishuka siku ile ile ya tangazo, jamaa akiwa bado anaongea. Siku 170 baada ya kufungua, Jio ikawa na wateja milioni 100.

Hiki kisa kinasimuliwa sana, na mara nyingi kinasimuliwa hivi: tajiri kaja na hela za mafuta, kagawa bure mpaka wenzake wakaishiwa pumzi. Ukweli upo humo, siukatai. Ila ukiishia hapo unabaki na swali, mbona wengine wenye hela walishindwa kwenye soko hilo hilo? Maxis ya Malaysia ilikuwa na hisa 74 kwa mia za Aircel, kampuni ya simu ya India, na Aircel ikafilisika 2018. Telenor ya Norway ilikaa miaka kibao ikauza ikaondoka. NTT Docomo ya Japani iliingia ubia na Tata, ikaishia kudaiana na mwenzake mpaka kwenye usuluhishi wa kimataifa. Hawa wote hawakuwa maskini. Kwa hiyo hela ilihitajika, ila haitoshi kueleza. Mimi naona jibu liko kwenye mtambo: Jio ilijenga mtandao ambao dakika ya kuongea haina gharama ya maana, halafu ikaingia kwenye soko ambalo wapinzani wake walikuwa wanaishi kwa kuuza hiyo hiyo dakika. Ile bure ilitokana na namna mtandao ulivyojengwa, na ndo maana wengine hawakuweza kuiiga haraka hata walipotaka.

Miaka sita ya kujenga bila mteja

Turudi nyuma kidogo maana hapa pana utamu. Mukesh Ambani hakuwa mgeni kwenye simu. Yeye ndo alisimamia kampuni ya kwanza ya simu ya familia, Reliance Infocomm, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, na baba yao Dhirubhai alikuwa anasema anataka kupiga simu kuwe rahisi kuliko kutuma postikadi. Baba akafariki 2002, ndugu wakagombana, mwaka 2005 mali zikagawanywa na biashara ya simu ikaenda kwa mdogo wake, Anil. Kukawa na makubaliano kwamba hakuna ndugu kuingia kwenye biashara ya mwenzake. Makubaliano hayo yalifutwa Mei 2010. Mwezi uliofuata, Juni 2010, kampuni ndogo sana iliyoitwa Infotel Broadband ilishinda masafa ya 2300 MHz kwenye mnada kwa takriban rupia bilioni 128, na ndo kampuni pekee iliyopata masafa hayo kwenye kanda zote 22 za nchi. Siku ile ile Reliance ikatangaza inanunua asilimia 95 ya Infotel kwa rupia bilioni 48.

Masafa hayo wakati ule yalikuwa ya intaneti tu, leseni yake haikuruhusu kupiga simu za kawaida. Hiki kipengele watu wanakiruka na mimi nakiona ni cha msingi, kwa sababu mwaka 2013 serikali ilipoleta leseni ya pamoja, Reliance ikalipa ada ya nyongeza ya rupia bilioni 16.58 na ikaruhusiwa kubeba sauti juu ya masafa yale yale. Kelele zilikuwa nyingi, mkaguzi mkuu wa serikali akahoji, kesi ikafika Mahakama ya Juu na ikatupwa 2016. Bila ile ruhusa hakuna Jio tunayoijua, ingekuwa kampuni ya intaneti tu kama zilivyo nyingine nyingi, kwa hiyo mtu akikwambia hii ni stori ya ubunifu wa soko huria peke yake mkumbushe kwamba kanuni ya serikali ilibadilika katikati ya safari.

Kutoka 2010 mpaka 2016 ni miaka sita ya kuchimba nyaya, kusimamisha minara na kununua masafa mengine ya 850 na 1800 MHz, bila mteja wa kulipa. Mpaka inazinduliwa uwekezaji ulikuwa unatajwa kuwa rupia trilioni 1.5 hivi. Hapo ndo hela ya mafuta ilipofanya kazi yake kweli, kiwanda chake cha kusafisha mafuta cha Jamnagar kilikuwa kinaingiza pesa kila siku, kwa hiyo hakukuwa na mwanahisa wa kumkaba Ambani shingo mwaka wa tatu akiuliza mapato yako wapi. Kampuni ya simu ya kawaida inayotegemea mapato yake ya mwezi haiwezi kusubiri hivyo.

Kwa nini dakika ilikuwa haina gharama

Kwenye 2G na 3G simu ya sauti ina njia yake. Ukipiga, mtandao unakutengea njia nzima kuanzia unapopokelewa mpaka unapokata, uongee usiongee ile njia ni yako, na inahitaji mitambo maalum ya kuunganisha simu. Ndo maana biashara nzima ya simu ilijengwa juu ya kuhesabu dakika na sekunde. Jio haikujenga 2G wala 3G kabisa. Ilijenga 4G tupu, na sauti inapita kama data kwa teknolojia ya VoLTE. Dakika moja ya kuongea kwa njia hiyo haifiki hata nusu MB, wakati dakika ya video ya kawaida inakula MB kadhaa. Sasa kama umejenga mtandao wa kubeba video za mamilioni ya watu, maongezi yao ni makombo, hata gharama ya kuyahesabu na kuyatolea bili ni usumbufu.

Geukia upande wa pili. Airtel, Vodafone na Idea walikuwa wanaendesha 2G, 3G na 4G kwa pamoja, mitambo ya aina tatu, wateja wa aina tatu, na madeni ya minada ya masafa kuanzia ile ya 3G ya 2010 yalikuwa bado hayajaisha. Sehemu kubwa ya mapato yao ilikuwa inatoka kwenye sauti. Wangefanya sauti bure siku ya pili yake wangekuwa wanakata tawi walilokalia, wasipofanya wateja wanahama, na huko kote hasara inawasubiri. Huwa nasoma watu wakisema walizembea, mimi sikubaliani. Walikuwa wameiona Jio inakuja kwa miaka sita, ni kitu cha wazi kabisa, ila hakuna bodi inayokubali kuua mapato yake makubwa kwa hiari kabla mshindani hajafika.

Kitu kingine kidogo kilichosaidia sana ni usajili wa laini. India ilikuwa tayari na kitambulisho cha Aadhaar chenye alama za vidole, Jio ikakitumia, mtu anaweka kidole kwenye mashine na laini inawaka ndani ya dakika chache badala ya fomu na picha na nakala za vitambulisho. Kusajili watu milioni 16 ndani ya mwezi wa kwanza kwa karatasi isingewezekana. (Baadaye, Septemba 2018, Mahakama ya Juu ilizuia kampuni binafsi kutumia Aadhaar kwa namna ile, lakini wakati huo mzigo ulishaingia.)

Vita ya kuunganisha simu

Sauti bure ilikuwa na tundu moja. Mteja wa Jio akimpigia mteja wa Airtel, Jio ilitakiwa kuilipa Airtel paisa 14 (paisa 100 ni rupia moja) kwa kila dakika, ndo ada ya kumalizia simu kwenye mtandao wa mwenzako. Kwa hiyo bure ya mteja ilikuwa sio bure kwa Jio, na kwa kuwa Jio ilianza na wateja sifuri, karibu simu zote zilikuwa zinatoka nje. Airtel na wenzake nao walilalamika kwamba paisa 14 haifidii gharama zao na wanafurikiwa na simu za watu wasiolipa chochote. Jio ikasema wananyima njia za kuunganisha makusudi, ikalalamika kwamba simu zaidi ya 75 kati ya kila 100 zinagoma. Oktoba 2016 mdhibiti wa mawasiliano, TRAI, alipendekeza Airtel, Vodafone na Idea watozwe faini ya jumla ya rupia bilioni 30.5.

Mwaka uliofuata TRAI ikashusha ile ada kutoka paisa 14 mpaka 6, kuanzia 1 Oktoba 2017, na ikapanga ifike sifuri Januari 2020. Kwa Jio hiyo ni nafuu kubwa, kwa Airtel ni mapato yamekatwa. Mwaka 2019 TRAI ikaanza kufikiria kusogeza mbele tarehe ya sifuri (ikaisogeza kweli Desemba), na Oktoba 2019 Jio ikaanza kutoza wateja wake paisa 6 kwa dakika kwa simu za kwenda mitandao mingine, yaani ile ahadi ya bure daima ilivunjwa kwa zaidi ya mwaka mzima mpaka ada ilipofutwa 1 Januari 2021. Ahadi ilitolewa hadharani mbele ya nchi nzima, na kwa maoni yangu kampuni ilipaswa kubeba ile gharama yenyewe.

Kwenye vita hiyo kuna kipande cha kubip ambacho nakipenda kwa jinsi kinavyoonyesha watu wa mitandao wanavyofikiri. Jio ilipunguza muda wa simu kuita mpaka sekunde 25 au pungufu. Simu ikikatika mapema aliyepigiwa anakuta missed call, anapiga yeye, na aliyepiga ndo mtandao wake unalipa ada. Airtel wakaliona, wakalalamika, halafu wakapunguza na wao ili wasiliwe peke yao! Ikabidi TRAI itoe amri Novemba 2019 kwamba simu ya mkononi lazima iite sekunde 30. Mdhibiti wa soko lenye watu zaidi ya bilioni moja anakaa kupanga simu iite kwa sekunde ngapi, kwa sababu ya senti za ada.

Waliobaki na simu za batani

Mtandao wa 4G tupu una shida yake: mwenye simu ya 2G hawezi kuutumia hata umpe bure. Na India ilikuwa na mamia ya mamilioni ya watu wa simu za batani. Julai 2017 Jio ikatangaza JioPhone, simu ya batani yenye 4G, mtu anaweka amana ya rupia 1,500 na kurudishiwa baada ya miaka mitatu. Ndani ilikuwa na KaiOS, mfumo wa kuendeshea simu uliotokana na Firefox OS ambayo Mozilla walikuwa wameiacha. Yaani kitu kilichotupwa na kampuni moja kama kilichoshindwa kikawa mlango wa intaneti kwa mamilioni ya watu, na Google wakaweka dola milioni 22 kwenye KaiOS mwaka 2018. Mwaka huo huo WhatsApp ikaingia kwenye JioPhone, na hapo ndo ikawa simu ya maana, kwa sababu mtu wa kipato cha chini hakuhitaji programu hamsini, alihitaji kuongea na ndugu zake na kuona video.

Kwangu hapa ndo ubunifu ulipo, kuliko kwenye bei. Bei unaweza kuikata ukiwa na hela. Kukaa chini ukagundua kwamba kikwazo cha mteja wako sio bando bali ni kifaa alichoshika mkononi, na ukatengeneza kifaa hicho wakati wengine wanasubiri simu janja zishuke bei zenyewe, hiyo ni kazi ya kichwa.

Data nayo ikabadilika namna ya kuuzwa. Kuanzia Aprili 2017 Jio ilianza kulipisha, kwanza ada ya rupia 99 ya mwaka ya kuwa mwanachama wa Prime, zaidi ya watu milioni 72 wakajiunga, halafu bando la rupia 303 la mwezi lenye GB 1 kwa siku. Hiyo ya "GB moja kila siku" inaonekana ndogo ila inabadilisha tabia kabisa, mtu aliyekuwa anabana GB 1 mwezi mzima na kuzima data kila akimaliza kusoma meseji sasa anaiacha imewaka, maana asipoitumia leo inapotea. Kampuni za video fupi zilifaidika, TikTok ilipata India soko kubwa mno mpaka ilipofungiwa na serikali Juni 2020.

Waliokufa na waliobaki

Kampuni ya Anil, Reliance Communications, ilisitisha huduma za sauti mwishoni mwa 2017. Machi 2019 Anil aliokolewa na kaka yake Mukesh dhidi ya kifungo, alikuwa anadaiwa na Ericsson na Mahakama ya Juu ilishampa muda wa kulipa. Telenor na biashara ya simu ya Tata zilimezwa na Airtel. Vodafone na Idea zikaungana Agosti 2018, pamoja zikiwa na wateja zaidi ya milioni 400, kubwa kuliko wote, halafu zikaanza kuvuja wateja mpaka leo wamebaki karibu nusu.

Airtel ilipona na naona inastahili sifa kuliko inavyopewa. Iliingiza mtaji mpya kutoka kwa wanahisa, ikaiorodhesha Airtel Africa kwenye soko la hisa la London Juni 2019, na mwishoni mwa 2018 ikafanya uamuzi mgumu wa kuweka kiwango cha chini cha kuongeza salio, rupia 35 kwa siku 28, ikijua kabisa mamilioni ya wateja wa kupokea simu tu wataondoka. Wakaondoka kweli. Mapato kwa mteja mmoja yalikuwa yameshuka mpaka karibu rupia 100 kwa mwezi mwaka 2018, na 2023 yakavuka 200.

Lakini kuna pigo moja ambalo halikutoka kwa Jio kabisa. Tarehe 24 Oktoba 2019 Mahakama ya Juu iliamua kwamba ada ya serikali inapigwa kwenye mapato yote ya kampuni hata yasiyo ya simu, kesi iliyokuwa imeburuzwa kwa zaidi ya miaka kumi, na deni lote na riba na faini zake likawa zaidi ya rupia bilioni 920 kwa sekta nzima. Jio ilikuwa mpya kwa hiyo haikuwa na historia ya kudaiwa kiasi hicho. Vodafone Idea ikatangaza hasara ya rupia bilioni 509 kwa robo moja ya mwaka, kubwa kuliko hasara yoyote ya robo mwaka iliyowahi kutangazwa na kampuni ya India. Ukiandika kisa hiki bila hiyo hukumu unampa Ambani sifa, au lawama, zisizo zake zote.

Na Tume ya Ushindani? Airtel ilipeleka malalamiko kwamba hii ni bei ya kuua wenzako, tume ikayatupa Juni 2017 kwa hoja kwamba Jio bado ni mdogo sokoni, haina nguvu ya kutawala. Kwa sheria ilivyoandikwa ni sahihi. Ila sheria hiyo inapima ukubwa wa leo, wakati aliyekuwa anaingia ana kampuni mama kubwa kuliko washindani wake wote, na mpaka anafikia ukubwa wa kuhojiwa, wa kumlalamikia wamebaki wawili. Hili ni tobo la kweli, na nchi nyingine zenye sheria kama hiyo zina tobo lile lile.

Kutoka bomba mpaka kinachopita ndani ya bomba

Mwaka 2020 Facebook iliweka dola bilioni 5.7 kwa asilimia 9.99 ya Jio Platforms, kampuni inayoishika Jio, Google dola bilioni 4.5 kwa asilimia 7.73, na wengine wakafuata. Baada ya hapo Reliance ikaelekea kwenye maudhui kwa mbinu ile ile. Juni 2022 kampuni yake ya Viacom18 ilinunua haki za kuonyesha IPL, ligi kubwa ya kriketi ya India, mtandaoni kwa miaka mitano, rupia bilioni 237.58, ikamnyang'anya Disney, halafu msimu wa 2023 ikaonyesha mechi zote bure kwenye programu yake ya video, JioCinema. Hotstar, programu ya video ya Disney iliyokuwa imejengwa juu ya hiyo hiyo kriketi ikapoteza wanachama kwa mamilioni. Novemba 2024 biashara za Disney India na za Reliance zikaunganishwa kuwa kampuni moja yenye thamani ya zaidi ya rupia bilioni 703, na Februari 2025 ikazaliwa JioHotstar. Msimu wa IPL uliofuata, bure ya kila mtu ikaisha, ukitaka kuangalia kwa uhakika ulikuwa unalipia au unaongeza salio la Jio la rupia 299 na kuendelea, unapewa kifurushi humo humo.

Bei za simu nazo zilipanda Desemba 2019, zikapanda tena mwishoni mwa 2021, na tena Julai 2024, kampuni zote tatu binafsi ndani ya siku chache. Ile ya 2024 iliigharimu Jio karibu wateja milioni 11 ndani ya robo mwaka moja, baadhi yao wakikimbilia BSNL, kampuni ya simu ya serikali, lakini mapato yakapanda. Data ya India bado ni rahisi ukilinganisha na nchi nyingi, hilo sio la kubishana, na mtu wa kijijini aliyepata intaneti kwa mara ya kwanza 2017 hana sababu ya kuilalamikia Jio kama ninavyolalamika mimi hapa. Kinachonisumbua ni pa kukimbilia. Vodafone Idea haina uwezo wa kuwekeza kama wenzake, na deni lake kubwa linadaiwa na serikali ile ile iliyoshinda kesi ya 2019. Serikali ikaanza kubadilisha deni kuwa hisa mwaka 2023, na Aprili 2025 ikabadilisha tena mpaka umiliki wake ukafika asilimia 48.99, huku ikisema haitaendesha kampuni. Yaani mdai mkuu amegeuka mwanahisa mkubwa ili soko lisibaki na kampuni mbili binafsi tu, na hata baada ya hapo fedha za kujenga minara ya kushindana na hao wawili zilikuwa bado zinatafutwa.